Mbwa mgeni nyumbani: Cheti cha chanjo kwanza, mnyororo baadaye

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi wanaoamua kuchukua mbwa, ama kutoka katika vituo vinavyohifadhi wanyama waliotelekezwa ama kutoka kwa ndugu zao vijijini, huanza kwa kununua mnyororo na kuishia hapo. Mambo mengine yote huachwa yajitatue yenyewe mnyama akishafika.

Matokeo yake hujulikana. Katika wiki ya kwanza mbwa huharisha, hubweka usiku kucha na kuwakosesha majirani usingizi, hutoroka kwa kupita chini ya geti au, baya zaidi, humng'ata mtoto ambaye hakuelezwa namna ya kumkaribia mnyama mgeni.

Katika Kata ya Busawe na kata nyingine za Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, jambo hili lina uzito wa pekee. Mbwa wa huko si wa mapambo. Hulinda boma dhidi ya wezi na fisi, hufuatana na vijana malishoni na huwa wa kwanza kuwaamsha wenye mji kunapokuwa na hatari usiku.

Huko pia hakuna kituo cha kuwahifadhi mbwa. Anayetaka mbwa humpata kwa jirani ambaye jike lake limezaa, naye humchukua bila karatasi yoyote. Mtu wa mjini anayerudi likizo na kuondoka na mbwa mdogo ndani ya boksi hufanya vivyo hivyo.

Hata hivyo, wilaya hiyo imelipa taifa somo ambalo kila mwenye nia ya kufuga mbwa, awe Mugumu, Mwanza au Dar es Salaam, anapaswa kulifahamu kabla hajaingia dukani: kifaa cha kwanza cha mbwa mpya ni cheti cha chanjo.

Somo kutoka Serengeti

Serengeti ni miongoni mwa maeneo ya Afrika ambako kichaa cha mbwa kimechunguzwa kwa miaka mingi. Kati ya mwaka 1996 na 2001 ilifanyika kampeni ya kuchanja mbwa wa vijiji vya wilaya hiyo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003.

Watafiti walieleza kuwa matukio ya kichaa miongoni mwa mbwa yalipungua kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza ya chanjo na kwa asilimia 97 baada ya awamu ya pili. Idadi ya watu waliofika katika vituo vya afya wakiwa wameumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa nayo ilishuka.

Kutokana na tafiti za aina hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kuwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa ushindwe kuendelea kuenea. Maana yake ni kwamba chanjo ya mbwa mmoja haimlindi mwenyewe peke yake. Humlinda pia mtoto wa nyumba ya tatu ambaye hata hamfahamu mbwa huyo.

Ushahidi mwingine umetoka Pemba, ambako uchanjaji wa mbwa uliofanywa kwa mfululizo ulikifuta kichaa kisiwani humo. Kisa cha mwisho kilichorekodiwa katika utafiti huo kilikuwa cha mwaka 2018.

Katika maeneo ambako chanjo ni haba, hali ni tofauti. Ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Asia na Afrika, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yalitaja vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka.

Mbwa wasiochanjwa wamewahi pia kuiathiri Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaosababishwa na virusi na unaohusishwa na mbwa wa vijiji jirani, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani wapatao 1,000. Kabla ya hapo, mwaka 1991, mbwa mwitu walikuwa wamekwisha kutoweka katika nyanda za hifadhi hiyo, na magonjwa ya mbwa wa kufugwa yametajwa kuwa miongoni mwa sababu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kumchukua

Wapo wanaopata mbwa katika vituo maalumu, kama kile cha Mbwa wa Africa mkoani Arusha au vile vya chama cha KSPCA jijini Nairobi, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1910. Anayechukua mnyama katika kituo ana faida moja kubwa: kumbukumbu huwa zimeandikwa.

Anayemchukua kwa jirani, shangazi au mjomba hana faida hiyo, hivyo ni lazima aulize mwenyewe. Mbwa ana umri gani? Amewahi kuchanjwa, lini na kwa chanjo gani? Mara ya mwisho amepewa dawa ya minyoo lini? Anakula nini? Amezoea watoto, kuku na mbuzi? Amewahi kung'ata mtu, au yeye mwenyewe kung'atwa na mbwa mwingine?

Swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Virusi vya kichaa vinaweza kukaa mwilini kwa wiki au miezi kadhaa kabla dalili hazijaonekana, hivyo mbwa aliyeng'atwa mwezi uliopita anaweza kuonekana mzima wa afya siku anayokabidhiwa kwa mwenyeji mpya. Asichukuliwe mpaka daktari wa mifugo atoe ushauri.

Cheti cha chanjo

Cheti hicho huonyesha maelezo ya mbwa, jina la mwenye mbwa, aina ya chanjo, tarehe iliyotolewa na tarehe ya kurudia. Hutolewa na daktari wa mifugo au ofisa mifugo, na ni vema kikahifadhiwa pamoja na nyaraka nyingine za nyumbani. Mbwa akimng'ata mtu, daktari wa binadamu na wa mifugo wote watakiulizia.

Kwa kawaida mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kulingana na maelekezo ya aina iliyotumika, ambayo kwa walio wengi ni kila mwaka. Kumekuwa na dhana vijijini na mijini kwamba mbwa mdogo hahitaji chanjo. Dhana hiyo ni ya hatari, kwa kuwa watoto wa mbwa nao huugua kichaa, na ndio wanaobebwa na kuchezewa zaidi na watoto wa binadamu. WHO linashauri kuwa katika kampeni za chanjo hata walio chini ya miezi mitatu wajumuishwe.

Mbali na kichaa, kuna chanjo ya mchanganyiko inayokinga distempa na parvo, ugonjwa unaosababisha kuhara damu na kuua watoto wengi wa mbwa. Huanza kutolewa mbwa akiwa na umri wa wiki sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Baadhi ya chanjo hizo hukinga pia leptospira, bakteria wale wale waliosababisha ugonjwa uliopewa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022.

Kwa miaka mingi kikwazo cha chanjo vijijini kilikuwa ni majokofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa aina mojawapo ya chanjo ya kichaa hubaki na nguvu hata ikihifadhiwa katika nyuzi joto 25 kwa miezi sita, au nyuzi 30 kwa miezi mitatu.

Kutokana na hilo, watafiti mkoani Mara walijaribu kuhifadhi chanjo vijijini kwa vyombo vya udongo vinavyopozwa kwa maji, kwa kanuni ile ile inayoupoza mtungi wa maji ya kunywa, ili watoa huduma waweze kuchanja mwaka mzima bila kusubiri gari la kampeni. Hata hivyo, si kila chanjo ina uvumilivu huo. Mfugaji hashauriwi kununua chanjo na kuichoma mwenyewe, kwa sababu hana namna ya kujua imehifadhiwaje.

Mkanda wa shingoni na kamba

Baada ya cheti ndipo hufuata mkanda wa shingoni na kamba. Mkanda mzuri ni wa ngozi au wa kitambaa kigumu, na unapaswa kukaa kiasi kwamba vidole viwili vinapita kati yake na shingo. Ukilegea zaidi ya hapo mbwa huuvua, ukibana humchubua. Mbwa anayekua apimwe kila wiki, kwani mikanda iliyosahauliwa shingoni huingia ndani ya ngozi na kusababisha vidonda.

Ni busara namba ya simu ya mwenye mbwa iandikwe kwenye mkanda kwa wino usiofutika. Mbwa mgeni akipotea katika siku za kwanza hajui njia ya kurudi, na mtu anayemwokota hana namna nyingine ya kujua anakotoka. Katika kampeni za chanjo kuzunguka Serengeti, mikanda ya rangi imekuwa ikitumika pia kuwatambulisha mbwa waliokwisha kuchanjwa.

Kamba ya kumwongoza iwe ya urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Kamba ya katani iliyosukwa vizuri inatosha kwa mwenye kipato kidogo, alimradi ifungwe kwenye mkanda na si moja kwa moja shingoni. Waya na kamba nyembamba za nailoni hukata ngozi na hazifai kabisa.

Mnyororo una matumizi yake, lakini usigeuzwe kuwa makazi. Mbwa anayefungwa mchana kutwa mahali pamoja huwa mwoga au mkali, na mara nyingi ndiye anayeng'ata siku anapofunguka. Penye uzio imara mbwa aachwe atembee ndani. Pasipo na uzio afungwe kwa muda tu, kivulini na karibu na maji.

Vyombo na chakula

Mbwa anahitaji vyombo viwili, kimoja cha maji na kingine cha chakula, visivyotumiwa na binadamu. Vya bati au chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi. Sufuria iliyotoboka ikazibwa, au chombo kizito cha udongo ambacho mbwa hawezi kukipindua, pia hufaa. Maji safi yawepo wakati wote na yabadilishwe kila siku.

Kuhusu chakula, kosa linalofanywa zaidi ni kubadilisha kila kitu siku ya kwanza. Tumbo la mbwa halipendi mageuzi ya ghafla. Anayemchukua mbwa aulize alikuwa akila nini, aendelee na chakula hicho kwa siku mbili tatu, kisha achanganye cha zamani na kipya kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja.

Mbwa mdogo aliyeachishwa kunyonya hula mara tatu hadi nne kwa siku. Mkubwa hutosheka na milo miwili. Katika nyumba nyingi chakula chake ni ugali pamoja na dagaa, vichwa vya samaki au nyama ya bei nafuu iliyopikwa. Chakula hicho kinakubalika ikiwa protini ipo ya kutosha na si ugali mtupu uliolowekwa maji. Dagaa wasafishwe kuondoa mchanga na chumvi.

Jambo linalosahaulika ni ubora wa unga. Ni desturi katika kaya nyingi mahindi yaliyoota ukungu kuwekwa pembeni "kwa ajili ya mbwa." Mahindi hayo yanaweza kuwa na sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Sumu hiyo huharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la binadamu. Nafaka isiyofaa kuliwa na watu haifai kupewa mbwa.

Vingine vya kuepuka ni vitunguu maji na vitunguu saumu, chokoleti, zabibu, pombe, pamoja na pipi au bazoka zisizo na sukari ambazo huwekwa utamu wa bandia uitwao zailitoli. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Matumbo, maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni yasitolewe kabla ya kuchemshwa. Katika maeneo ya wafugaji, mbwa anayekula viungo vibichi vyenye malengelenge hupata minyoo aina ya tegu, kisha huacha mayai ya minyoo hiyo katika kinyesi. Mayai hayo yakimezwa na binadamu huzalisha mifuko ya maji katika ini au mapafu, ambayo mara nyingine huhitaji upasuaji.

Banda na mahali pa kulala

Banda la mbwa halihitaji kuwa kubwa. Linatakiwa kumwezesha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Sakafu iinuliwe kidogo kutoka ardhini ili maji ya mvua yasiingie, na mlango usielekee upande wa upepo.

Banda la bati tupu huwa tanuri mchana na baridi kali usiku. Ikiwa bati ndilo lililopo, liwekwe chini ya mti au lifunikwe kwa nyasi. Gunia kavu lililojazwa majani makavu hutosha kuwa godoro, lakini likaushwe juani kila wiki ili viroboto wasizaliane humo.

Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, banda liwe na mlango unaofungwa, kwa kuwa chui na fisi huwavamia mbwa usiku. Mijini hatari ni tofauti: magari na sumu ya panya iliyotegwa na majirani.

Minyoo, kupe na viroboto

Mbwa mpya achukuliwe kuwa ana minyoo mpaka ithibitike vinginevyo. Wadogo huanza kupewa dawa wakiwa na umri wa wiki mbili na hurudia kila baada ya wiki mbili hadi wanapoachishwa kunyonya, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Wakubwa hupewa kila baada ya miezi mitatu. Kipimo hutegemea uzito, hivyo ni vema mbwa apimwe. Njia rahisi ni mtu kupanda kwenye mizani akiwa amembeba, kisha akapanda peke yake na kutoa tofauti.

Minyoo ya mbwa si tatizo la mbwa peke yake. Mayai ya baadhi yao hukaa kwenye udongo na huweza kuwaingia watoto wanaocheza uwanjani, ndiyo maana koleo la kuokotea kinyesi na shimo la kukifukia navyo ni vifaa vya lazima.

Kupe huambukiza mbwa homa zinazoharibu damu. Dalili zake ni kukosa hamu ya kula, ufizi kuwa mweupe na mkojo kuwa na rangi ya chai. Katika maeneo ya Serengeti yenye mbung'o, mbwa hupata pia nagana, ambayo huweza kuvimbisha uso na kuyafanya macho yawe na ukungu. Mwenye mbwa awe na mazoea ya kumkagua masikioni, kwapani na katikati ya vidole kila baada ya siku mbili.

Tahadhari inahitajika katika matumizi ya dawa za kuogeshea ng'ombe. Baadhi ya watu huchovya kitambaa katika dawa ya josho na kumpaka mbwa kwa kukadiria. Mbwa hujilamba, na dawa iliyozidi kipimo humtia sumu. Vivyo hivyo, dawa za maumivu za binadamu kama paracetamoli, daiklofenaki na ibuprofeni hazipaswi kupewa mbwa bila maelekezo ya daktari wa mifugo.

Sabuni na maji yanayotiririka

Kifaa kingine hakiuzwi katika maduka ya mifugo bali kipo katika kila nyumba: sabuni. Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kama ni mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kupaka pilipili, majivu, unga wa kahawa au dawa ya meno hakusaidii na hupoteza muda. Chanjo kwa aliyeumwa hutolewa kwa sindano kadhaa katika tarehe zilizopangwa, na zote ni lazima zikamilishwe. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki dunia.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa hasira ikiwa anaweza kufungiwa salama. Afungiwe na aangaliwe kwa siku 10 chini ya usimamizi wa mtaalamu wa mifugo. Akibaki mzima baada ya muda huo, inakuwa dalili kwamba hakuwa akiambukiza kichaa siku aliyong'ata. Hata hivyo, aliyeumwa asisubiri siku hizo ziishe ndipo aende hospitali.

Dalili za mbwa mwenye kichaa si ukali pekee. Wengine hunyamaza, hujificha gizani, hubadilika sauti au hulegea taya na kutoa mate kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Mtu asithubutu kuingiza mkono kinywani mwa mbwa wa namna hiyo kwa nia ya kumsaidia.

Siku za kwanza nyumbani

Siku ya safari, mbwa apewe chakula kidogo tu au asipewe kabisa saa chache kabla ya kuondoka, kwa kuwa wengi hutapika ndani ya gari. Asafirishwe ndani ya kreti au boksi lenye matundu ya hewa. Kumfunga miguu na kumtia katika gunia nyuma ya pikipiki ni ukatili, na humfanya awahofu watu tangu mwanzo.

Vituo vingi duniani hutumia kanuni rahisi ya tatu tatu. Siku tatu za kwanza mbwa huwa na hofu, hula kidogo na hulala sana. Baada ya wiki tatu huanza kuzijua saa za nyumba. Baada ya miezi mitatu ndipo huiona nyumba kuwa yake. Anayekata tamaa siku ya nne na kumrudisha hajampa muda wa kumfahamu.

Katika siku hizo asionyeshwe kwa wageni wengi wala asilazimishwe kukumbatiwa. Watoto waelekezwe mambo matatu: wasimguse anapokula, wasimwamshe ghafla anapolala na wasimkimbie wala kumvuta mkia.

Majirani nao wana haki zao. Mijini nyumba zimesogeleana, na hasa katika miji ya pwani wapo waumini ambao mafundisho ya dini yao huwataka kujitakasa wanapoguswa na mate ya mbwa. Kuwaarifu majirani mapema, kumzuia mbwa asiranderande na kuokota kinyesi chake ni ustaarabu unaoepusha ugomvi.

Mwenye mbwa azungumze pia na daktari kuhusu kumhasi dume au kumfunga kizazi jike. Watoto wasiohitajika wa mbwa ndio hao wanaotupwa majalalani na kuongeza kundi la mbwa wasiochanjwa mitaani.

Sheria inasemaje

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza ukatili na kumtaka anayemfuga mnyama kumpatia mahitaji yake, na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, inayohusu udhibiti wa magonjwa yakiwamo yale yanayoambukiza binadamu. Halmashauri nazo zinaweza kuwa na sheria ndogo juu ya mbwa wanaozurura, hivyo mfugaji aulize katika ofisi ya kata anakoishi.

Kwa upande wa kimataifa, WHO na mashirika washirika yamejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo mwaka 2030. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila Septemba 28, na katika maeneo mengi chanjo hutolewa bila malipo karibu na tarehe hiyo.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wa matumizi ni huu: chanjo na dawa ya minyoo kwanza, mkanda na kamba pili, vyombo viwili na chakula cha wiki mbili tatu, kisha banda. Vitanda vya sponji, sabuni zenye manukato na vikaragosi vya kuchezea vinaweza kusubiri. Mbwa atacheza hata na kipande cha kamba kuukuu, lakini hawezi kujichanja mwenyewe.